Mahojiano ya Saba

Nilifika Chiatura kwa basi la asubuhi, Novemba,
na kinasa sauti, betri za akiba,
fomu thelathini za ridhaa zenye mhuri wa chuo,
na swali moja nililolipiga msasa miezi minne:
"Nieleze siku yako shuleni, tangu mlango hadi mlango."

Mji umekaa korongoni. Vumbi la manganizi
limeingia hata kwenye mikunjo ya mapazia.
Wakanipa chumba cha ramani: meza, viti viwili,
jiko la kuni lenye kikohozi,
ukuta wa mbao mwembamba kama tetesi.

Wa kwanza alizungumzia chaki. Wa pili, viatu vya dada yake.
Nestan wa darasa la kumi na moja alilia, akacheka, akaniuliza
kama Tbilisi nako walimu hununua kuni kwa mshahara wao.
Guram wa fizikia alikataa kurekodiwa,
kisha akasema saa mbili nzima, wima,
mkono kwenye kitasa.

Wa saba akaja na kucha nyeusi.
Nikamwambia achague jina la bandia.
"Otari," akasema. "Aliendesha kigari cha waya.
Kigari hakipo, jina halina mwenyewe."

Usiku huchambua mawe na mjomba wake,
lari chache kwa gunia;
asubuhi huja kulala safu ya nyuma.
"Na mwalimu Mzia?"
"Yule? Hanioni. Anafundisha dirisha."

Mwalimu, mchana uleule, kwenye kiti kilekile:
"Akilala, nashusha sauti.
Wenzake wameshazoea, wanafunua kurasa kama wanaiba.
Usimwambie.
Kijana wa miaka kumi na sita ukimpa mkate ataurudisha.
Mpe usingizi, ila asijue umetoka kwako."

Nami nilikuwa nimeapa.
Ukurasa wa pili, kifungu cha nne:
ya huyu hayatamfikia yule.
Basi nikawabeba wote wawili
ndani ya mashine ndogo kuliko kipande cha sabuni,
faili juu ya faili,
nikarudi nao mjini bila kuwatambulisha.

Msimamizi wangu anapenda rangi.
Manjano: uchovu. Buluu: kipato.
Kijani: uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi.
Nikampaka Otari buluu, nikampaka manjano.
Kwenye kijani nikaandika: hakuna.
Na niliridhika, nisidanganye.
Mmoja anatoa gizani, mwingine anapokea hajui;
nilishaanza kuitafutia sura hiyo kichwa cha habari.

Mara ya tatu nilisikiliza kwa sababu ya koma tu,
sikujua niiweke wapi.
Dakika ya kumi na tisa.
Nasikia jiko. Nasikia kiti changu.
Nyuma ya ukuta, mwanamke anataja mito,
Rioni, Enguri, Alazani, Kvirila,
kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na upepo;
halafu mito, katikati ya jina, inaanza kunong'ona.

Otari anakatiza sentensi yake.
Mimi, mtafiti, namkimbilia: "Ndiyo? Endelea."
"Ngoja," anasema, chini kabisa,
ndiyo maana mara mbili nilimpita.
"Tuseme polepole. Kuna mtu kalala."

Hanioni, aliniambia.
Nami nikaliandika neno lile kama lilivyo,
kumbe lilikuwa mlango, naye kauegemea kwa ndani.
Naye alikuwa ameapa.
Kwa nani, hakuna fomu.

Vidole vimekaa juu ya herufi.
Nimeandika: [anashusha sauti].
Nimefuta.
Nimeandika: [wanashusha sauti],
na jirani wa ghorofa ya juu anaburuta meza,
nami, peke yangu, saa saba za usiku,
nimejikuta nikimwambia dari: shhh.